Sarafu ya Ajabu na Sarafu Adimu: Namna ya Kuichunguza Kabla ya Kuuliza Bei

Mwanza na vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria havijawahi kukaukiwa na sarafu za zamani. Moja hutoka kwenye msingi wa nyumba unaochimbwa Mabatini, nyingine hukutwa ndani ya kopo la vifungo alilotunza bibi kule Ukerewe, nyingine huibuliwa na plau ya ng'ombe katika shamba la pamba wilayani Magu. Aliyeipata huwa na swali moja tu, nalo ni bei, na kwa kawaida hakosi mtu wa kumjibu papo hapo bila hata kuigeuza sarafu yenyewe upande wa pili. Makala haya yanapendekeza kwamba swali la bei liwekwe mwisho kabisa. Mambo yanayoifanya sarafu ionekane ya ajabu machoni petu, kama vile tundu la katikati, maandishi ya Kiarabu au sura ya mfalme aliyevaa kofia ya chuma, yalikuwa ya kawaida mno katika siku zake. Kinachoifanya iwe adimu huwa ni kitu kidogo ambacho mtu haangalii, kama herufi moja iliyo chini ya mwaka, au aina ya madini, au namna michoro ilivyobaki na ukali wake.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kwamba hii ilikuwa pesa ya nani. Katika miaka isiyofika 80, ukanda huu wa ziwa ulipitiwa na fedha za tawala kadhaa, moja juu ya nyingine, na nyingi kati ya sarafu zinazowashangaza watu leo hupata maelezo yake pale tu zinapopangwa katika tabaka lake.

Tabaka la chini ni lile la misafara ya biashara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Huko pwani zilitumika rupia za India, pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar, na reale kubwa ya fedha ya Austria yenye sura ya Malkia Maria Theresa. Sarafu hizi mbili za mwisho zimewapotosha watu wengi kwa sababu ya mwaka ulioandikwa juu yake. Pesa ya Barghash ina picha ya mizani upande mmoja na mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, na mtu anayeusoma kama mwaka wa Kizungu hujiona ameshika kitu cha karne ya 13, ilhali huo ni mwaka wa Hijria unaolingana na 1881 hadi 1882. Ustadhi yeyote wa msikiti wa jirani anaweza kuusoma na kuubadilisha kwa dakika chache. Reale ya Maria Theresa, kwa upande wake, imeandikwa 1780 kwa tarakimu za kawaida, mwaka ambao malkia huyo alifariki, lakini iliendelea kuchapwa kwa mwaka huohuo katika karne ya 19 na ya 20, Vienna, Rome, London, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki walikataa nyingine yoyote. Ina uzito wa gramu 28.07, na nyingi kati ya zilizopo hazina thamani inayozidi sana ile ya gramu 23 na kitu za fedha safi zilizomo ndani yake. Mwaka ulioandikwa juu ya sarafu, basi, ni dai linalohitaji kuthibitishwa kama madai mengine.

Tabaka la pili ni la Wajerumani, nalo ndilo lenye utajiri zaidi kwa anayechunguza. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890: pesa ya shaba yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, ambayo 64 zake zilifanya rupia moja, kisha rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia iliyotuliwa na tai. Rupia hiyo ilifuata uzito na ubora uleule wa rupia ya India, ili ikubalike sokoni bila mabishano. Zilitoka pia robo rupia na nusu rupia, pamoja na rupia mbili, ambayo ilichapwa katika miaka miwili tu, 1893 na 1894. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 iliwalazimisha watu kuzitafuta sarafu hizi hata katika vijiji ambavyo hadi hapo vilikuwa vikifanya biashara kwa nguo, shanga na majembe, na ndiyo sababu zinapatikana mbali kabisa na njia kuu. Kuanzia mwaka 1904 serikali ya koloni iliichukua kazi hiyo kutoka kwa kampuni, ikaigawa rupia katika heller 100, na chini ya utawala wake zikaja heller za shaba, heller 5 na heller 10 zenye tundu, na vilevile ile heller 5 kubwa ya shaba ya 1908 na 1909, yenye kipenyo cha milimita 37 na uzito wa gramu 20, ambayo mtu akiishika kiganjani huona dhahiri kwa nini haikupendwa.

Katika sarafu hizi za serikali tafuta herufi ndogo: A maana yake imechapwa Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora. Herufi hiyo ya tatu ina kisa chake. Vita vilipozuia meli zisilete sarafu kutoka Ujerumani, Wajerumani walianza kuchapa zao wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora. Sarafu zote zilizotoka hapo zina mwaka 1916. Mwanza ilichukuliwa na Waingereza mwezi Julai mwaka huo, na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji mwezi Septemba, hivyo muda wa kazi ulikuwa mfupi. Walitoa heller 5 na heller 20 kwa madini yaliyopatikana, yakiwemo maganda ya mizinga, na mwishowe wakatoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilichapwa 16,198.

Ichukue heller 20 ya Tabora uiweke kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu inafundisha jambo hili zima kuliko sarafu nyingine yoyote. Utaona taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916, neno HELLER na ile T. Mchoro wake ni wa kikarakana: herufi hazikai sawasawa, sarafu yenyewe haikuviringana vizuri, na mara nyingi upande mmoja umepigwa kwa nguvu kuliko mwingine. Mtu wa kawaida huutazama ukorofi huo akasema ni bandia, au akasema ni kosa la kiwandani lenye bei kubwa, na vyote viwili si kweli, maana ndivyo zilivyotoka zote. Anayejua huangalia kwingine kabisa. Huangalia kama taji ni kubwa au ni dogo, na kama ncha za herufi L zimechongoka au zimejikunja, kwa kuwa mihuri kadhaa tofauti ya kuchapia ilitumika na michanganyiko yake haikutoka kwa wingi unaolingana. Huangalia pia kama sarafu ni ya brasi, ambazo ndizo nyingi, au ni ya shaba tupu, ambazo ni chache zaidi. Hapo kuna mtego mwingine, kwa sababu brasi iliyokaa ardhini kwa miaka 100 hupata wekundu na weusi unaofanana na wa shaba, na dawa yake ni kulinganisha rangi katika sehemu zilizokwaruzika zenyewe, wala si kuikwaruza.

Tabaka la tatu ni la Mwingereza. Baada ya vita Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Ikatoa florini mwaka 1920 badala ya rupia, kisha mwaka uliofuata ikaiacha florini na kuleta shilingi yenye simba mbele ya milima, ile ambayo wazee wengi wa Kanda ya Ziwa bado wanaikumbuka. Mabadiliko hayo ya harakaharaka ndiyo yaliyozaa sarafu adimu za kweli za kipindi hiki, kwa kuwa zile za mwaka 1920 zilirudishwa na nyingi ziliyeyushwa. Shilingi za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo moja tu ya madini ya fedha, yaani chini kidogo ya gramu 2 katika uzito wa gramu 7.78, na za kuanzia 1948 hazina hata chembe. Kwa hiyo anayesema kwamba shilingi ya Mfalme George ni "fedha tupu" ama hajui ama anakusudia kukuuzia.

Mfano mzuri kuliko yote wa tofauti kati ya ajabu na uadimu umo katika tabaka hili. Ni ile senti 10 yenye tundu ya mwaka 1936, iliyoandikwa jina la Edward VIII. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, akaacha kiti cha enzi mwezi Desemba kabla hata ya kutawazwa, na kule kwao Uingereza hakuna sarafu yenye sura yake iliyopata kuingia sokoni. Ukimweleza mtu habari hiyo, kisha akaliona jina EDWARDVS VIII kwenye senti iliyotoka katika kopo la bibi yake, moyo lazima umwende mbio. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme, kwa sababu pale katikati palikuwa na tundu. Kilichohitajika ni jina peke yake, nalo lilichongwa mapema, na sarafu zikachapwa kwa mamilioni katika viwanda zaidi ya kimoja. Herufi H huonyesha kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, na nyingine hazina herufi. Zimejaa hadi leo. Historia yake ni adimu, yenyewe si adimu, na mkusanyaji huinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Hali ni hiyohiyo kwa sarafu nyingi zenye sura ya Mwalimu Nyerere zilizotolewa na Benki Kuu tangu 1966, ambazo huvumishwa mitandaoni kwamba zinatafutwa kwa mamilioni. Zenye soko la kweli ni zile maalumu za mwaka 1974 za uhifadhi wa wanyamapori, za shilingi 25 na shilingi 50 za fedha na ya shilingi 1,500 ya dhahabu, ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya kununulia sukari.

Ukishajua ni ya nani, ya mwaka gani na ya kiwanda kipi, ndipo unapouliza kama ni halisi. Sumaku husaidia kidogo tu: ikiivuta rupia, hiyo si rupia, lakini isipoivuta hujathibitisha lolote, kwa kuwa risasi, brasi na mchanganyiko wa shaba na nikeli havivutwi pia. Kipimo chenye maana ni mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu za mia za gramu. Rupia ya Kijerumani ina gramu 11.66, kipenyo cha milimita 30 na nusu hivi, na sehemu 917 katika 1,000 ni fedha. Iliyotumika sana inaweza kupungua ikafika gramu 11.4, na hilo ni jambo la kawaida. Nakala ya shaba na nikeli yenye ukubwa uleule, hata hivyo, huwa na gramu 10 hivi tu, na mwigaji anayetaka kuufikia uzito halali hulazimika kuinenepesha. Sonara akikubali, mwombe aweke kikombe cha maji juu ya mizani, airudishe kwenye sifuri, kisha aitumbukize sarafu ikiwa inaning'inia kwa uzi bila kugusa chini wala kando. Gramu zitakazoongezeka ndizo ujazo wake: rupia halisi itaonyesha takriban 1.13, na ya shaba na nikeli iliyonenepeshwa hadi gramu 11.66 itaonyesha kama 1.31. Kipimo hiki hakiiachi sarafu na alama yoyote, tofauti na kuikwangua jiweni au kuitia tindikali, mambo ambayo mwenye sarafu asiyaruhusu kamwe.

Kwa rupia 15 ya dhahabu tahadhari inapaswa kuwa kubwa zaidi. Uzito wake ni gramu 7.17 na dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000. Mahali kama Mwanza, ambako Geita iko ng'ambo tu ya ghuba na dhahabu si kitu kigeni, jibu la fundi kwamba "hii ni dhahabu kweli" halithibitishi kwamba ilitoka Tabora, kwa sababu fundi mwingine anaweza kuimimina nakala yake kwa dhahabu halisi na bado akapata faida, maadamu mkusanyaji hulipa zaidi ya bei ya madini. Hapo macho ndiyo yanayoamua. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo kama vya ngozi, herufi zenye mabega ya mviringo, na mara nyingine mstari mwembamba ukingoni ulioondolewa kwa tupa. Iliyochapwa huwa na uwanja laini, yaani ile sehemu tupu isiyo na mchoro, na herufi zinazosimama wima kutoka kwenye uwanja huo. Darubini ya mkono ya sonara yenye kukuza mara 10 inatosha.

Hali ya sarafu ndiyo inayotenganisha bei mbili za kitu kilekile. Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, ambapo kuanzia 60 ni zile ambazo hazikupita mikononi kabisa. Katika rupia ya Wilhelm, sehemu zilizoinuka huchakaa kwanza, hivyo tazama manyoya ya tai wa kwenye kofia na nywele za masharubu. Yakionekana moja moja, sarafu hiyo ni bora, na yakiwa yameungana kuwa uvimbe laini, imetembea sana. Tundu lililotobolewa ili ivaliwe shingoni huipunguzia bei sana, hata kama ni kumbukumbu nzuri ya familia. Tundu la kiwandani, kama la heller 10 au la senti 10, lina ukingo ulioinuka kulizunguka. La fundi halina.

Kosa kubwa kuliko yote, na ambalo wema wa nyumbani hulifanya kila siku, ni kuisafisha. Limau, majivu, dawa ya meno na brashi ya waya vinaifanya ing'ae kwa saa moja na kuipunguzia bei kwa maisha yake yote, kwani kinachoondoka si uchafu bali ngozi ya juu ya sarafu, na mkusanyaji huiona hali hiyo kabla hujamaliza kumsalimu. Udongo mbichi utolewe kwa maji safi, sarafu ikaushwe kwa kitambaa laini bila kusuguliwa, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, basi.

Kuhusu makosa ya kiwandani, yapo na mengine hupendwa: chapa iliyokwenda upande, upande mmoja uliojirudia, sarafu iliyochapwa kwenye kipande kisicho chake. Jaribio la haraka ni kujiuliza kama hitilafu hiyo ingeweza kutokea baada ya sarafu kutoka mashineni. Ikiwa nyundo, reli, moto au fundi angeweza kuisababisha, basi ni jeraha. Sarafu yenye kichwa pande zote mbili karibu daima ni mbili zilizokatwa na kuunganishwa. Ikague ukingoni utaiona pale zilipokutana.

Sasa bei. Katalogi za sarafu za dunia huzipa sarafu namba zinazoanza na KM, na mwenye namba hiyo, mwaka na herufi ya kiwanda anaweza kutafuta matokeo ya minada iliyokwisha kufanyika. Bei iliyotangazwa na muuzaji haina uzito, kwa kuwa mtu anaweza kuitaka milioni 50 kwa senti 10 ya Edward akae nayo hadi azeeke. Anayekwambia kwamba yuko mnunuzi wa nje aliye tayari, ila kwanza utume ada ya usajili au ya ukaguzi kwa simu, hanunui sarafu, anakusanya ada. Vivyo hivyo wanaozunguka na ramani na vipimo wakitafuta "mali ya Mjerumani" na kudai kwamba rupia fulani ina nguvu zisizo za kawaida. Hakuna mnada unaouza nguvu, na rupia yenye nguvu ina gramu 11.66 kama nyingine.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa masalia yanayolindwa. Rupia na heller ni changa kuliko mpaka huo, lakini sarafu za Kiarabu za pwani au rundo lililofukiwa pamoja linaweza kuangukia ndani yake. Ukikuta rundo, lipige picha kabla ya kuligusa, andika kina na mahali, kisha umjulishe afisa utamaduni wa wilaya, kwa kuwa mpangilio wake ardhini una habari ambayo sarafu zikishagawanywa kwa majirani hairudi. Na kabla ya kusafirisha chochote nje ya nchi, uliza kibali.

Zipo kampuni Marekani, kama PCGS na NGC, ambazo huikagua sarafu, huipa alama na kuifungia kwenye kasha. Gharama yake ni ya dola, ukijumlisha usafirishaji na bima, hivyo kwa pesa ya shaba ya 1892, heller ya kawaida au senti ya Edward ni kuitumia sarafu fedha isiyoweza kuirudisha. Kwa rupia mbili ya 1893 au 1894 ambayo manyoya ya tai wake bado yanahesabika, au kwa tembo wa Tabora aliyepita mizani, maji na darubini, gharama hiyo ina sababu.